Laptopu Inasuasua Kurenda? Tafuta Breki Iliyokaza

Video ya sendofu ina dakika 90, mteja anaisubiri asubuhi, na programu inaonyesha zimebaki saa 7. Hapo wengi hukimbilia mipangilio ya umeme, wakachagua "High performance", kisha wakarudi kutazama mstari uleule ukitambaa vilevile. Wapo pia ambao laptopu zao zimekaa kwenye "Power saver" tangu siku waliyozinunua, na hao wanateseka zaidi bila kujua kwa nini.

Kabla hujagusa chochote, elewa kwamba mpangilio wa umeme ni breki, si injini. Ukiachia breki iliyokuwa imekaza, kasi itapanda, pengine hata mara dufu. Kama haikuwa imekaza, hutaona tofauti hata ukibonyeza kutwa nzima. Na laptopu haina breki moja. Kuna chaja, kuna betri, kuna joto, kuna programu ya kiwanda, kuna Windows yenyewe. Kwa maoni yangu ile ya Windows ndiyo inayolaumiwa kuliko zote, ilhali mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote.

Pima kwanza

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, nenda "Performance", kisha "CPU". Utaona namba mbili muhimu. "Base speed" ni kasi ya msingi iliyotajwa na kiwanda, na "Speed" ni kasi ya sasa hivi. Anza kurenda, kisha tazama. Tuseme prosesa yako ina kasi ya msingi ya 1.8 GHz, na wakati wa kazi inasoma 2.7 au zaidi. Hiyo ni nzima, inafanya kazi juu ya kiwango chake. Ikianza na 3.4, kisha baada ya muda mfupi ikashuka hadi karibu na 1.8, imegonga kikomo cha joto au cha wati ilizoruhusiwa kula. Lakini ikisoma 0.8 au 0.4 na kung'ang'ania hapo, kuna kitu kimeikaba koo, na dawa yake haipo kwenye programu ya kuhariri.

Shuka chini ukatazame na "GPU". Kwenye kadi nyingi, kati ya grafu zake ipo inayoitwa "Video Encode". Kama hiyo imepanda huku prosesa ikicheza kwenye asilimia 30, usishtuke: kazi ya kubana video inafanywa na kadi ya grafiki, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kama vyote viwili, prosesa na kadi, vimelala, basi huenda vinasubiri diski. Video iliyo kwenye flashi au diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2.0 husomwa kwa megabaiti 40 hivi kwa sekunde, na mara nyingi chini ya hapo. Hamishia faili kwenye SSD ya ndani, au angalau tumia tundu la USB 3.0, ambalo kwenye laptopu nyingi huwa na ulimi wa bluu, ndipo uendelee kulaumu umeme.

Jambo moja kuhusu kupima: jaribio la dakika moja litakudanganya. Prosesa za Intel huruhusiwa kula umeme mwingi kupita kikomo chake kwa muda mfupi, na kwenye laptopu nyingi muda huo ni sekunde 28. Prosesa iliyoandikiwa wati 15 inaweza kuvuta zaidi ya wati 40 mwanzoni, ikakupa kasi ya kukufurahisha, kisha ikarudi kwenye wati zake 15 na kukaa hapo usiku kucha. Kwa hiyo pima kwa kipande kinachochukua dakika 10 au zaidi kurenda, kwa mipangilio ileile ya video, na uiache mashine ipoe kabla ya kila jaribio. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja hutajua ni kipi kilichosaidia, na wiki ijayo utaanza upya.

Chaja

Kurenda kwa betri ni kujitafutia adhabu. Windows huweka mipangilio miwili tofauti, mmoja wa wakati laptopu iko kwenye betri na mwingine wa wakati iko kwenye umeme, na ule wa betri hubana matumizi. Hata ukiulegeza, betri yenyewe haiwezi kutoa wati zote ambazo prosesa na kadi kubwa ya grafiki zinahitaji kwa pamoja, hivyo mashine hujipunguza ili isizime ghafla.

Lakini hata ukichomeka ukutani, chaja yenyewe inaweza kuwa ndiyo mchawi. Laptopu nyingi zinazouzwa mitaani kwetu ni za mtumba, na chaja inayokuja nayo si lazima iwe ile iliyotoka nayo kiwandani. Geuza chaja usome lebo, kisha zidisha volti kwa ampea za upande wa kutoa. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 ni ya wati 65. Ya volti 19.5 na ampea 6.67 ni ya wati 130. Zinaweza kufanana umbo, plagi zikaingia vizuri, na taa ya kuchaji ikawaka, lakini laptopu iliyoundiwa wati 130 ukiipa 65 itafunga mkanda. Baadhi ya laptopu zina pini nyembamba katikati ya plagi, ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa mashine. Pini hiyo ikipinda au ikivunjika, au chaja ikiwa ya bandia, mashine huikataa: betri haijai, na prosesa hushushwa hadi chini ya 1 GHz. Hicho ndicho chanzo cha kawaida cha ile 0.8 niliyoitaja. Ujumbe wa onyo mara nyingi hutokea laptopu inapowashwa, na watu huuruka kwa kubonyeza Enter.

Kwa laptopu zinazochaji kwa USB-C, angalia na waya pia. Waya wa kawaida wa USB-C hubeba mpaka wati 60. Ukitaka wati 100 lazima uwe na waya wa ampea 5, hata kama chaja yenyewe ni kubwa. Na ukitumia chaja ya simu, shukuru tu kwamba betri haipungui.

Windows yenyewe

Sasa tuje kwenye breki maarufu. Kwenye Windows 11 fungua "Settings", "System", kisha "Power & battery", na kwenye "Power mode" chagua "Best performance" wakati chaja iko ndani. Hiyo inatosha kwa watu wengi. Mpangilio wa zamani bado upo ndani ya "Control Panel", sehemu ya "Power Options", na ndiko kunakokaa "Balanced", "High performance" na "Power saver". Laptopu nyingi mpya huonyesha "Balanced" peke yake. Hazijaharibika, zimeundwa hivyo, na huna haja ya kumlipa mtu akurudishie zile nyingine.

Je, kuna tofauti kati ya "Balanced" na "High performance"? Kwa kazi ndogondogo za kuanza na kusimama, ipo kidogo. Kwa kurenda kwa muda mrefu ni ndogo mno, kwa sababu "Balanced" nayo huiacha prosesa ipande hadi mwisho mzigo ukiwa mkubwa, na kurenda ni mzigo mkubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Ultimate Performance", iliyokuja mwaka 2018 kwa ajili ya kompyuta kubwa za kazi, huzungumzwa kana kwamba ni hirizi. Kwa video haikupi chochote cha kuhadithia.

Palipo na faida ya kweli ni ndani zaidi. Kwenye "Power Options" bonyeza "Change plan settings", halafu "Change advanced power settings", shuka hadi "Processor power management", ufungue "Maximum processor state". Upande wa "Plugged in" lazima isome 100%. Ikiwa umenunua laptopu iliyokwisha tumika, usikose kukagua hapa. Mwenye mashine wa zamani, au fundi aliyetaka ipoe haraka ili ipite mkononi mwa mnunuzi, huenda aliweka 99% au 80%. Hiyo 99% inaonekana kama upungufu wa kijinga tu, lakini kwenye prosesa nyingi huzima kabisa ule uwezo wa kupanda juu ya kasi ya msingi. Prosesa ya 1.8 GHz inayoweza kufika 3.4 inabaki 1.8. "Minimum processor state" iache ilivyo. Kuiweka 100% hakuharakishi kurenda, kunaongeza joto tu wakati mashine haina kazi.

Ukiwa hapohapo, weka "Sleep after" iwe "Never" kwa upande wa umeme. Programu nyingi za kuhariri huizuia kompyuta isilale, ila usizitegemee zote. Kama unarenda kwenda au kutoka kwenye diski ya nje, refusha muda wa "Turn off hard disk after". Zima skrini upendavyo, haina uhusiano na kasi. Usifunge kifuniko, maana laptopu kadhaa hupumua kupitia kibodi. Halafu nenda kwenye Windows Update ubonyeze "Pause". Kuwasha upya usiku wa manane kumeua video nyingi kuliko "Balanced" itakavyoweza kuua.

Kuna breki nyingine isiyoonekana ndani ya Windows: ile ya kiwanda. Kwenye laptopu nyingi za Lenovo bonyeza Fn na Q, kwenye nyingi za ASUS Fn na F, na kampuni nyingine zina programu zao zinazokuja na mashine. Vitufe hivi hubadilisha wati zenyewe ambazo prosesa inaruhusiwa kula, pamoja na mwendo wa feni. Ikiwa mashine yako iko kwenye hali ya ukimya, hakuna mpangilio wa Windows utakaoiokoa. Chagua ile ya nguvu, vumilia kelele.

Joto ndilo bosi

Umeshaachia breki zote hizo, na sasa prosesa inakula wati zake zote. Wati zote hizo hugeuka joto, na joto lazima litoke. Prosesa nyingi za laptopu za Intel hujikata kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na za AMD nyingi karibu na nyuzi 95. Hufanya hivyo kujilinda, na hakuna mpangilio wa kuliepuka hilo. Chumba chenye nyuzi 32, kama vyumba vingi vya Dar es Salaam na Mombasa mwezi Februari, huanza mbio kikiwa nyuma: takriban kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye hewa ya chumba huongezeka na ndani ya prosesa. Ndiyo maana kazi ileile inaweza kuisha mapema zaidi usiku kuliko saa nane mchana, na mtu akadhani ni umeme wa usiku ulio mzuri.

Pakua HWiNFO, programu ya bure, uifungue kwenye sehemu ya vipimo na utafute mstari wa "Thermal Throttling". Ukisoma "Yes" wakati wa kurenda, umempata mhalifu. Dawa zake zinajulikana ila watu hawazipendi kwa sababu hazibonyezwi. Inua nyuma ya laptopu kwa sentimita mbili tatu ili matundu ya chini yapate hewa. Usiiweke kitandani, wala juu ya kitambaa cha meza. Feni ya mezani inayopuliza juu ya kibodi husaidia kidogo. Ikipuliza kuelekea chini ya laptopu iliyoinuliwa husaidia zaidi. Ukipiga vumbi kwa bloa, shika mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, maana feni inayozungushwa kwa nguvu ya hewa huweza kuharibika. Na kama laptopu ina miaka minne mitano na haijawahi kufunguliwa, peste ya joto iliyo kati ya prosesa na bomba lake la kupoza huenda imekauka. Fundi mzuri huibadilisha kwa muda mfupi, na kwa laptopu ya mtumba sijui matumizi mengine ya fedha ndogo yanayorudisha kasi kama hayo.

Kama hali ya chumba haibadiliki na mashine inazima kabisa katikati ya kazi, hapo ndipo ile 99% inapopata heshima yake. Iweke kwa makusudi. Kasi itashuka, joto litashuka zaidi, na kazi itafika mwisho.

Wanaotumia MacBook Air wakumbuke kwamba tangu toleo la M1 la mwaka 2020 mashine hiyo haina feni. Ni nyepesi na ya haraka kwa vipande vifupi, lakini kwenye kazi ndefu itapunguza mwendo. Zima "Low Power Mode" kwenye mipangilio ya betri, basi. Ukiwa na wasiwasi kwamba italala, andika caffeinate kwenye Terminal na uliache dirisha lake wazi. Kwenye Linux yenye power-profiles-daemon, amri ni powerprofilesctl set performance, kwa mashine zinazoiruhusu.

Kasi ya kweli iko kwenye kisimbaji

Hapa ndipo saa 7 zinapoweza kuwa 2, na hapahitaji umeme wa ziada. Prosesa nyingi za Intel zenye grafiki ya ndani zimekuwa na Quick Sync tangu mwaka 2011, na kadi za NVIDIA zilipata NVENC mwaka 2012. Zote mbili ni visimbaji, yaani sehemu ndogo za chipu zilizotengenezwa kwa kazi ya kubana na kufungua video, na AMD nao wana yao. Kwenye Premiere Pro, wakati wa kutoa video ya H.264 au HEVC, tafuta "Performance" na uchague "Hardware Encoding". Kama imegoma, angalia kama umechagua "VBR, 2 pass". Mara nyingi hiyo ndiyo inayoirudisha kazi kwa prosesa. Rudi "1 pass". Kwenye HandBrake, kisimbaji cha kuchagua ni chenye jina la NVENC, QSV au VCE. Hakikisha pia kwamba kwenye mipangilio ya mradi wa Premiere umechagua "GPU Acceleration", na kwamba Windows imeipa programu yako kadi kubwa: "Settings", "System", "Display", "Graphics", halafu "High performance".

Kuna wanaosema kisimbaji cha kadi huharibu picha. Kwa ukubwa uleule wa faili, prosesa ikipewa muda hutoa picha safi zaidi kidogo, hilo ni kweli. Ongeza kiwango cha biti kidogo na tofauti hiyo haitaonekana kwa mtu anayetazama kwenye simu au televisheni ya sebuleni.

Kisimbaji hakisaidii athari ulizopachika. Kama umeweka kifaa cha kuondoa chengachenga za gizani kwenye video nzima, hicho ndicho kinachokula usiku wako. Kiweke kwenye vipande vya ukumbini tu. Na jiulize kama kweli mteja anahitaji 4K. Fremu moja ya 4K ina nukta 8,294,400. Ya 1080p ina 2,073,600. Ni robo.

Umeme ukikatika

Faili la MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, kazi ikishaisha. Umeme ukikatika kwenye asilimia 95, unabaki na faili kubwa lisilofunguka. Laptopu ina betri ya kuvukia, mradi betri iwe nzima. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, nayo UPS ndogo ya VA 650 haiwezi kumaliza kurenda. Inakupa dakika chache za kusimamisha na kuzima kwa utaratibu.

Kwa hiyo kata video ndefu kwa sehemu: kanisani au msikitini, maandamano ya magari, ukumbini, zawadi. Toa kila sehemu kama faili lake, kisha ziunganishe. Umeme ukikatika unapoteza sehemu moja. Wanaotumia Blender watoe fremu mojamoja kama PNG na waondoe alama kwenye "Overwrite"; umeme ukirudi, kazi itaendelea kutoka fremu iliyoishia.

Gharama nayo ihesabu kabla ya kupanga bei. Laptopu inayovuta wati 90 kwa saa 6 hula uniti 0.54. Kompyuta ya mezani inayovuta wati 350 kwa muda huohuo hula uniti 2.1. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU au tokeni. Kazi ikiisha, fungua kila faili na uruke hadi dakika yake ya mwisho kabla ya kumpigia mteja, kisha rudisha Windows Update na "Sleep after" mahali pake.